Bahari ya Shimoni katika sebule ya London

UKISHUKA kwenye kituo cha treni cha Crystal Palace, kusini mashariki mwa London, kitu cha kwanza kukuvuta macho ni mnara wa televisheni wenye urefu wa mita 219. Unaonekana kutoka karibu kila kona ya mtaa. Watoto wa huko huutumia kama mabaharia wa zamani walivyotumia nyota: ukipotea, utafute mnara, nyumbani si mbali.

Wapita njia wachache wanajua kwamba mnara huo umesimama mahali palipowahi kuwa na maji ya bahari. Mwaka 1871 palifunguliwa hapo nyumba kubwa ya kuonyeshea samaki, katika viwanja vya jumba la vioo lililoupa mtaa huo jina lake. Jumba lenyewe liliteketea kwa moto usiku wa Novemba 30, 1936. Samaki walikuwa wameshaondoka zamani.

Mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye mnara, katika nyumba ya matofali iliyobanwa na nyingine mbili, bahari imerudi. Iko sebuleni, kati ya dirisha na kabati la vyombo, ndani ya tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na kimo cha 60. Mwenye nyumba ni dereva wa basi, mzaliwa wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Mkewe ni wa Majengo, Mombasa. Wana watoto wawili, binti wa miaka kumi na mvulana wa miaka sita, wote wazaliwa wa London.

Tangi hilo lilianza kwa sababu ya penseli ya kijivu.

Mwalimu wa yule binti aliwaambia wanafunzi wachore bahari ya nchi ya wazazi wao. Binti alichora maji ya kijivu, mawingu ya kijivu na kokoto. Bahari pekee aliyoijua ni ya Brighton, ambako familia huenda kwa treni siku ya mapumziko. Baba yake alipoiona picha ile ukutani siku ya mkutano wa wazazi, aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Yeye amekulia mahali ambapo ukiinama ukingoni mwa mtumbwi unamwona kitatange akizunguka mwamba mita tano chini yako.

Usiku ule alipiga hesabu ya tiketi nne za kwenda Mombasa wakati wa likizo. Akaona hazishikiki. Akaanza kutazama bei za matangi.

"Hili litakuwa rahisi kuliko tiketi," alimwambia mkewe.

Mkewe hakubisha. Alitoa daftari jipya, akaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, akaliweka kwenye droo ya jikoni. Tangu siku hiyo kila senti iliyoingia kwenye tangi iliandikwa humo.

Mji uliobuni mchezo huu

Kama kuna mji ambao mtu anaweza kufuga bahari ndani ya nyumba bila kuonekana mwendawazimu, ni London. Mambo haya yalianzia huko, na walioyaanza hawakuwa na umeme wala pampu.

Mwaka 1846 mama mmoja aitwaye Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alikwenda Torquay kwenye pwani ya kusini magharibi mwa Uingereza akavutiwa na matumbawe madogo ya huko. Alitaka kurudi nayo London. Ili yasigongane njiani, aliyashona kwa sindano na uzi kwenye sifongo, akaitumbukiza katika mtungi wa maji ya bahari. Alipokosa maji mapya, mtumishi wake aliyamimina yale ya zamani kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi kila siku, ili yashike hewa. Baadaye Anna Thynne aliongeza mwani. Matumbawe yale yaliishi karibu miaka mitatu katikati ya jiji, mbali na pwani.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki, ya kwanza duniani kwa ajili ya umma. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kuhusu ufugaji wa viumbe wa baharini, na neno la Kiingereza la tangi la samaki likaenea kupitia kwake. Kila nyumba yenye uwezo ikataka bahari yake. Watu walishuka ufukweni na nyundo, ndoo na vyandarua.

Mtoto wa Gosse, Edmund, aliyekuwa akifuatana na baba yake kwenye madimbwi ya mawe akiwa mdogo, aliandika kitabu mwaka 1907 kuhusu maisha yao. Humo alisikitika kwamba madimbwi yale yaliyojaa uhai yalikombwa na wakusanyaji yakabaki matupu. Na waliowafundisha watu kuyapenda walikuwa watu kama baba yake, ambaye jambo hilo lilimhuzunisha sana.

Dereva wa basi aliisoma habari hiyo kwenye simu yake wakati wa mapumziko ya kazi. Ilimkaa moyoni. Akaamua kitu kimoja kabla hajanunua hata kioo: hakuna tumbawe litakalong'olewa mwambani kwa ajili ya sebule yake. Atatafuta vipande vilivyokatwa kutoka matangi ya watu wengine.

Uzito, chumvi na subira

Kazi ya kwanza haikuwa na samaki ndani yake. Ilikuwa ya sakafu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ya bahari huzidi kidogo. Tangi la lita 540 likijaa maji, ukaongeza kioo, mawe na meza ya kulibeba, linafikia karibu kilo 800. Huo ni uzito wa gari dogo umewekwa pembeni mwa sebule, na hauondoki. Nyumba nyingi za zamani za London zina sakafu za mbao. Fundi aliinua mbao mbili, akatazama boriti zinavyokaa, akasema tangi likae ukutani na lizikingame, lisilale juu ya boriti moja. Wanaoishi ghorofani aliwapa ushauri mfupi: wasithubutu kabla ya kumwita mtu anayejua.

Ya pili ilikuwa maji. Maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, pamoja na mengine ambayo mwani huyapenda kuliko samaki. Ilinunuliwa mashine ya kuyachuja, inayodondosha maji safi taratibu kama bomba bovu. Kulijaza tangi kulichukua siku tatu. Mvulana mdogo aliuliza kila asubuhi kama bahari imeshafika.

Kisha ikaja chumvi. Si ya jikoni, bali ile iliyochanganywa pamoja na madini yote ya baharini. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, hivyo lita 500 zilimeza karibu kilo 18. Binti ndiye aliyepewa kipimo. Aliweka tone kwenye kioo chake kidogo, akatazama kwenye mwanga, akasoma namba, akaiandika. Chini ya tangi kulikuwa na tangi la pili, dogo, ambako maji hushuka kuchujwa na mashine inayotoa uchafu kwa mapovu, kisha pampu huyarudisha juu. Mpango huo wa hodhi lililofichwa chini nao si mgeni mtaani hapo. William Alford Lloyd, aliyeisimamia ile nyumba ya samaki ya Crystal Palace, alikuwa na hodhi kubwa gizani chini ya matangi yake.

Mawe yakapangwa, mengi yakiwa makavu, pamoja na machache yenye unyevu kutoka tangi la mzee mmoja jirani aliyeufanya mchezo huu miaka mingi. Mawe hayo machache yalibeba mzigo usioonekana: bakteria. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki huwa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa si nyingi. Makundi hayo huhitaji wiki kadhaa kuota juu ya mawe. Kabla ya hapo, kila samaki anayeingia anatiwa ndani ya choo chake mwenyewe.

Wiki tano tangi lilikaa bila samaki. Wageni walikuja, wakatazama mawe ndani ya maji, wakanywa chai, wakaenda zao.

"Watu wananiuliza hiki ni nini," mama alisema. "Niwaambie nini?"

"Waambie ni bahari," mumewe akajibu.

"Nitawaambia ni daftari."

Matumbawe yanayopumua

Waliotangulia kuingia walikuwa konokono na duvi, wafagiaji wa mwani. Wakafuata samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda meupe, wale ambao watoto wote duniani huwajua kwa sababu ya filamu. Walizaliwa tangini Uingereza, si baharini. Binti alishangaa kuambiwa kwamba aina ile hasa haipo Shimoni. Mwambao wa Afrika Mashariki una jamaa zake, mmojawapo mwenye mstari mweupe mgongoni kuanzia mdomoni hadi mkiani. Alishangaa zaidi kusikia kwamba wote huanza maisha wakiwa madume, na aliye mkubwa katika jozi hugeuka jike.

Halafu yakaja matumbawe laini, na hapo ndipo sebule ilipobadilika.

Matumbawe tunayoyajua zaidi ni yale magumu, yanayojenga mwamba kwa mawe yao wenyewe na yanayochana miguu ya wavuvi. Matumbawe laini hayana mifupa ya mawe. Mwili wake ni kama ngozi au ufizi, umeshikiliwa na vijiti vidogo mno vya chokaa, na kila kinywa kina mikono minane. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo unaogeuza mwanga kuwa chakula, hivyo taa ni sehemu ya mlo. Hustahimili makosa ya mwanafunzi kuliko yale magumu, na huyumba na maji kama majani ya mnazi katika upepo wa kusi. Mwambao wote kuanzia Lamu hadi Mtwara unayo.

Mzee jirani alikata kipande cha tumbawe lake lenye umbo la uyoga kwa wembe, kama mtu anayekata kachumbari, akakifunga kwenye jiwe dogo. Alitoa na kipande cha aina nyingine, ambayo vidole vyake hufumba na kufumbua mchana kutwa kama kiganja cha mtoto mchanga. Mvulana alikaa mbele yake hadi chakula kikapoa.

Mzee alitoa pia onyo ambalo kila mzazi analihitaji. Kuna vijimaua vya rangi nzuri viitwavyo zoanthidi, vinavyouzwa madukani kote. Baadhi yake vina sumu kali mno. Havisuguliwi, havimwagiwi maji ya moto, na jiwe lenye navyo halichemshwi, kwa sababu sumu hiyo ikipanda na mvuke huweza kulaza familia nzima hospitalini. Mkono hauingii tangini bila glavu, na hauingii kabisa ukiwa na kidonda. Nyumba hiyo yenye mtoto mdogo iliviacha.

Mwezi wa tatu tumbawe la uyoga lilijifunga. Likanywea, likawa na ngozi ya kung'aa kama iliyopakwa nta. Siku nne, tano, sita. Baba alipima maji asubuhi na usiku. Alitaka kulitupa. Mzee akamwambia angoje. Siku ya tisa ngozi ile ilibambuka, ikachukuliwa na maji, na tumbawe likafunguka kubwa kuliko mwanzo. Kumbe lilikuwa likijivua, kama nyoka.

Kangaja wa nyumbani

Kosa kubwa lilitokea mwezi wa nne, na halikutokana na kutojua.

Baba alikuwa dukani akinunua chumvi. Katika tangi la pembeni alikuwapo kangaja wa rangi ya samawati, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Kwenye kibandiko cha bei, chini ya jina la kitaalamu, liliandikwa neno moja: Kenya. Samaki huyo alikuwa amekamatwa na mzamiaji kwa chandarua kidogo, akatiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji na oksijeni, akapanda ndege. Amevuka safari ileile ambayo dereva huyu mwenyewe hajaivuka kwa miaka sita.

Alijua kwamba tangi lake lilikuwa changa mno. Alijua kwamba kangaja huyo anahitaji nafasi kubwa ya kuogelea, na kwamba ni mwepesi wa kuugua. Alijua pia kwamba kila samaki mpya anapaswa kukaa wiki kadhaa katika tangi la pembeni kwanza, atazamwe. Akamnunua, akarudi naye kwenye basi akimshika mapajani kama keki ya harusi, akamtia moja kwa moja.

Siku mbili sebule ilikuwa Shimoni. Siku ya tatu vilitokea vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi. Siku ya tisa kangaja akafa. Wiki hiyohiyo akafa mmoja wa wale samaki wa chungwa, yule mkubwa, ambaye watoto walikuwa wameshampa jina.

Binti hakulia mbele ya baba yake. Aliuliza tu, "Baba, huyu kangaja angekuwa kwao, angekufa?"

Usiku, baba alimpigia simu mzee wake Shimoni. Babu huyo alivua miaka arobaini katika maji ya Kisite na Wasini. Alisikiliza hadithi yote, akauliza bei, akaambiwa. Kimya kikapita, mtu angedhani simu imekatika.

"Mwanangu," akasema, "samaki wa mwambani si kuku, umfunge miguu uende naye. Ulimtaka yeye, au ulitaka kwenu?"

Ugonjwa ule una dawa, nayo ni ya shaba. Lakini shaba huua matumbawe, konokono na duvi. Kwa hiyo samaki aliyebaki alihamishiwa kwenye tangi dogo la hospitali jikoni, na tangi kubwa likaachwa bila samaki hata mmoja. Mdudu wa vidoa hawezi kuendelea kuishi asipompata samaki wa kumwingia. Ushauri wa wafugaji ni siku 76.

Siku hizo ndizo zilizomfanya binti awe mwanabahari. Bila samaki wa kutazama, alianza kutazama mengine. Kwa tochi nyekundu usiku aliona wadudu wadogo wakirukaruka kwenye kioo kama vumbi lenye miguu. Aliona mikono myembamba ya jamaa za kiti cha pweza ikichungulia kwenye mianya. Aliona mnyoo ukila mabaki. Aliandika vyote katika kurasa za nyuma za daftari la mama yake. Kila jioni alimpigia Babu kumweleza, naye Babu alimpa majina: duvi, jongoo wa pwani, urumba, tasi, kikande, bunju. Kiswahili cha binti huyo, ambacho kabla ya hapo kilikuwa cha salamu na chakula, kikapata mambo ya kuzungumza.

Hita iliyokataa kuzima

Jumamosi moja wakati wa kiangazi, familia ilipanda kilima kwenda jumba la makumbusho la Horniman, mtaa wa Forest Hill. Lilifunguliwa mwaka 1901 na mfanyabiashara wa majani ya chai, na bustani yake inatazama jiji zima. Hapo pana matangi ya samaki, na nyuma yake hufanyika kazi inayojulikana duniani. Watafiti wa Horniman waliiga mwanga wa jua, mbalamwezi na joto la misimu kwa kompyuta, na mwaka 2013 wakafanikiwa kuyafanya matumbawe yatoe mayai kwa wakati uliopangwa, ndani ya jengo, London.

"Kumbe matumbawe yanafuata mwezi," mama alisema. "Kama bamvua."

Waliporudi nyumbani jioni, maji ya tangi yalikuwa na nyuzi 31. Kawaida yake ni 25 au 26. Kidhibiti cha hita kilikwama. Tumbawe la uyoga lilikuwa limelala ubavu, na zile kiganja za mtoto mchanga zilikuwa zimefumba, rangi imefifia. Ule mwani mdogo unaoyalisha hauvumilii joto. Joto likizidi, tumbawe huutema, likapauka, na likikaa hivyo muda mrefu hufa kwa njaa.

Walizima hita. Wakafungua vifuniko, wakawasha feni juu ya maji, wakaelea chupa zilizojaa barafu, moja baada ya nyingine, ili joto lisishuke kwa ghafla. Usiku kucha walipokezana. Alfajiri kipimo kilisoma 26. Matumbawe mawili yalipona baada ya wiki tatu. Moja halikupona.

Siku ya pili baba alinunua kidhibiti cha pili, kinachokata umeme cha kwanza kikishindwa. Mama aliandika bei. Kisha akahesabu kurasa zote, akamgeuzia mumewe daftari. Jumla ilikuwa imezipita tiketi tatu za kwenda Mombasa, na ya nne ilikuwa njiani.

"Baba watoto," akasema, "tangi nimelipenda, sikatai. Lakini bahari yenyewe bado hatujaiona."

Hapakuwa na samaki mpya aliyenunuliwa nyumba hiyo kwa mwaka mzima uliofuata. Kila pesa ambayo ingeingia majini iliingia kwenye bahasha.

Penseli ya kijivu

Walifika Shimoni mwezi Desemba, kaskazi imeanza na maji yametulia. Mzee jirani wa London alibaki na ufunguo wa nyumba na orodha ya mambo ya kufanya, yameandikwa kwa mkono wa binti.

Asubuhi ya tatu Babu aliwapakia mtumboni. Kisite ni hifadhi ya taifa ya bahari. Humo hutazami kwa mikono, unatazama kwa macho. Hata nje ya hifadhi, Kenya humtaka mkamataji wa samaki wa mapambo awe na leseni. Binti alivaa miwani ya maji, akatia uso baharini.

Kwa dakika nzima hakusema kitu. Kisha akainua kichwa na kuanza kupiga kelele, maji yakimtoka mdomoni: "Kitatange! Babu, kitatange! Na yule ni kangaja! Baba, ni kangaja, wako wengi!" Baba alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Wengi walikuwa wengi kweli, kundi zima likipita kama kivuli cha wingu, kila mmoja na njia yake.

Mbele kidogo walipita juu ya mahali pengine. Matumbawe yalikuwa yamesimama, mengine yamevunjika, yamefunikwa na utando wa mwani, na samaki walikuwa wachache. Rangi yake ilikuwa ya kijivu.

"Babu, hapa pamefanyaje?"

"Joto, mjukuu wangu. Maji yalichemka mwaka ule, matumbawe yakapauka meupe kama mifupa. Mengine yalirudi. Haya hayakurudi."

Miamba ya Kenya imepigwa na joto la namna hiyo zaidi ya mara moja, vibaya sana mwaka 1998, kisha 2016, kisha tena 2024. Binti hakuzijua tarehe hizo, lakini aliijua kazi ya joto. Alikuwa amekesha nayo usiku mmoja, akiweka chupa za barafu.

"Sisi tulizima hita," alisema.

Babu alichukua upondo, akausukuma mtumbwi taratibu hadi palipo na rangi tena. Hakujibu, na mtoto hakuuliza mara ya pili.

Waliporejea London Januari, kabla ya kuvua koti, binti alikwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha joto. Kilisoma 25. Uyoga ulikuwa umefunguka. Mzee jirani alikuwa ametimiza orodha yote na kuongeza yake: amekata kipande cha tumbawe lao na kukifunga kwenye jiwe, kiko tayari kupewa mtoto mwingine wa mtaani anayeanza.

Jumamosi, kama kila Jumamosi, walitoa lita 50 za maji ya zamani na kutia lita 50 mapya. Mvulana alishika mpira, mama alisoma kipimo cha chumvi. Mchana binti alichora picha nyingine ya bahari, ambayo sasa imebandikwa kwenye mlango wa friji. Ina samawati ya kila aina, manjano, chungwa, na mtumbwi wenye watu watano. Upande wa kushoto, chini, amepaka kijivu.